Barua ya Wazi kwa Baraza la Taifa la Usalama Barabarani: Mikanda Isiyofungwa na Mifuko ya Hewa Isiyokaguliwa



Barua hii inahusu vifaa viwili vilivyomo katika karibu kila gari dogo linaloteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam, navyo ni mkanda wa usalama na mfuko wa hewa, ambao madereva na mafundi huuita eabegi. Vifaa hivi vilisanifiwa vifanye kazi kwa kushirikiana, na kimoja kikikosekana, kikichakaa au kikitumiwa isivyo, kile kingine hupoteza sehemu kubwa ya manufaa yake na wakati mwingine humjeruhi yule aliyekusudiwa kukingwa. Hata hivyo, katika nchi ambayo magari yake mengi madogo hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi, mnunuzi wa kawaida hukabidhiwa ufunguo na kadi ya gari bila kuelezwa kama mfuko uliomo ndani ya usukani wake ni mzima, umechoka au haumo kabisa. Baraza, kwa kuwa ndicho chombo kinachowakutanisha wadau wa usalama wa barabara, linaombwa lilichukue suala hili kama jukumu lake.

Mkanda unastahili kutangulia, kwa kuwa ndio unaofanya kazi kubwa zaidi na ndio unaodharauliwa zaidi. Mkanda unaotumika leo, ulioshikizwa mahali patatu, yaani juu ya bega na pande mbili za nyonga, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, ambaye kabla ya kujiunga na kampuni ya Volvo alikuwa akisanifu viti vya kumrusha rubani nje ya ndege iliyo hatarini. Volvo ilikuwa na hataza ya ubunifu huo, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiuige, lakini iliwaachia watengenezaji wote wa magari wautumie bila malipo, na uamuzi huo unafaa kuhesabiwa miongoni mwa mambo mema yaliyowahi kufanywa na kiwanda chochote. Ubora wa mkanda huo unatokana na mahali unapolalia mwilini: sehemu yake ya chini hulalia mifupa ya nyonga na si tumbo, na sehemu ya juu hupita katikati ya kifua na juu ya mtulinga, ili kani ya mgongano ipokelewe na mifupa imara badala ya ini, bandama na utumbo. Anayeupitisha chini ya kwapa kwa kuona kuwa unambana shingo huziachia mbavu zake mzigo zisioweza kuubeba, na anayeufunga nyuma ya mgongo ili kengele ya gari inyamaze hajafunga kitu. Mama mjamzito naye anapaswa kuufunga, sehemu ya chini ikipita chini ya tumbo na ya juu ikipita kati ya matiti, kwa maana kinga ya kwanza ya mtoto aliye tumboni ni uhai wa mama yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa abiria wa nyuma kwa asilimia 25. Ni vigumu kutaja kifaa kingine cha bei ndogo namna hiyo, ambacho tayari kimo ndani ya gari na kinahitaji sekunde mbili tu za mkono wa mtumiaji, chenye uwezo wa kuokoa maisha ya watu wengi kiasi hicho.

Mfuko wa hewa ni kifaa cha aina nyingine kabisa, na kutofahamika kwa namna unavyofanya kazi ndiko kunakozaa matumizi mabaya. Gari linapogonga kwa nguvu, vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima jinsi mwendo unavyopungua ghafla, hupeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta hiyo hupitisha umeme kwenye kijazio, ambacho ni kopo la chuma lenye kemikali inayowaka na kutoa gesi nyingi kwa mara moja. Gesi hiyo huujaza mfuko kwa muda usiofikia sehemu ya ishirini ya sekunde, na kitambaa huweza kutoka kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa, kisha mfuko huanza kunywea mara moja kupitia matundu yaliyo nyuma yake. Usalama wote umo katika mpangilio huo wa muda: kichwa na kifua vinatakiwa kuufikia mfuko ukiwa umekwisha kujaa na umeanza kulegea, na mkanda ndio unaomchelewesha mtu ili aufikie kwa wakati. Asiyefunga mkanda husukumwa mbele na breki kabla hata ya mgongano, na uso wake hukutana na mfuko ukiwa bado unafumuka.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa, kwani kati ya mwaka 1990 na 2008 zaidi ya watu 290 waliuawa na mifuko ya hewa yenyewe katika ajali za mwendo mdogo ambamo pengine wangenusurika, na wengi wao walikuwa hawakufunga mkanda au walikuwa watoto waliokaa isivyofaa. Kutokana na uzoefu huo dereva hushauriwa asogeze kiti nyuma hadi kati ya mfupa wa kifua chake na katikati ya usukani pabaki nafasi ya angalau sentimita 25, na abiria wa mbele asiweke miguu juu ya dashibodi hata katika safari ndefu ya Dodoma au Mbeya, kwa sababu mfuko unaofumuka chini ya miguu hiyo huyarudisha magoti usoni na huweza kuvunja nyonga.

Katika miji ya Tanzania hatari kubwa zaidi ni ya mtoto anayepakatwa kiti cha mbele. Mama, shangazi au dada huketi kando ya dereva akiwa amembeba mtoto mapajani, naye huamini kwa dhati kwamba mikono yake ndiyo kinga iliyo salama kuliko zote. Hesabu haikubaliani na imani hiyo: gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huivuta mikono hiyo kwa kani inayolingana na uzito wa takriban kilo 140, na hakuna mzazi awezaye kuushika uzito huo kwa ghafla. Mikono inapoachia, mtoto huwa tayari amekaribia mlango wa mfuko wa hewa, na huupokea mlipuko wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Hali huwa mbaya zaidi pale kiti cha mtoto mchanga, kile kinachomwelekeza nyuma, kinapofungwa mbele ya mfuko unaofanya kazi, kwa kuwa mgongo wa kiti huwa karibu kabisa na dashibodi na kichwa cha mtoto kiko nyuma yake tu. Kiti cha namna hiyo mahali pake ni nyuma, na kama gari halina kiti cha nyuma basi mfuko wa upande huo uzimwe kwa swichi iliyowekwa na mtengenezaji. Kliniki za mama na mtoto, ambako kila mzazi hupita na kadi yake, zingekuwa mahali pazuri pa kuyaeleza haya, na Baraza linaweza kuiomba Wizara ya Afya iyaingize katika mafunzo yake bila gharama kubwa.

Yote yaliyotajwa mpaka hapa yanachukulia kwamba mfuko wenyewe ni mzima. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Takata ya Japani, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mikanda na mifuko ya hewa duniani, ilianza kuuza vijazio vilivyotumia nitrati ya amonia, kemikali ambayo wakulima wanaifahamu kama mbolea na wachimbaji wa madini wanaifahamu kama kiungo cha baruti. Kemikali hiyo ni ya bei nafuu, lakini hufyonza unyevu. Joto la mchana na ubaridi wa usiku vikirudiarudia kwa miaka, vidonge vya kemikali ndani ya kopo huvimba na kusinyaa mpaka hupasuka na kuwa unga. Na kwa kuwa unga una eneo kubwa zaidi la kuwakia kuliko kidonge, siku ya ajali huwaka kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, shinikizo hupanda kupita uwezo wa kopo, na kopo hupasuka na kurusha vipande vya chuma kupitia kitambaa hadi kwenye shingo, uso na kifua cha mtu. Zaidi ya watu 25 wamekufa kwa namna hiyo nchini Marekani pekee, na vifo vingine vimetokea Malaysia na kwingineko. Takriban vijazio milioni 67 viliitishwa kubadilishwa Marekani, ukiwa ndio mwito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la jinai la udanganyifu na kulipa dola bilioni 1, na Juni mwaka huohuo ikaomba kinga ya kufilisika.

Mambo matatu yanalifanya suala hilo liihusu Tanzania moja kwa moja. La kwanza ni hali ya hewa: uchunguzi uliofanywa Marekani uliyaweka maeneo yenye joto na unyevunyevu, kama vile Florida, Hawaii na Puerto Rico, katika daraja la hatari kubwa zaidi, na yeyote anayeijua Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Unguja anaelewa kwamba gari linaloegeshwa juani huko kwa miaka kumi limekaa katika mazingira yaleyale. La pili ni umri wa magari, kwa sababu kijazio huchakaa kadiri miaka inavyopita, na magari yaliyotengenezwa katika muongo ule wa miaka ya 2000 ndiyo yanayojaa mitaani leo; baadhi ya matoleo ya Toyota Vitz, Toyota Corolla na Honda Fit, magari ambayo hayahitaji kuelezwa kwa Mtanzania, yalikuwa miongoni mwa yaliyoitishwa nchini Japani kwa sababu hiyo.

La tatu ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi na wanaosimamia uingizaji wa magari. Mwaka 2018 Japani iliamua kwamba magari yenye vijazio vya hatari ambayo hayajarekebishwa hayatapita ukaguzi wa lazima unaoruhusu gari kuendelea kutembea barabarani. Uamuzi huo uliwalinda Wajapani, lakini mtu yeyote mwenye uzoefu wa biashara anaweza kuona matokeo yake mengine: gari lisiloweza kupita ukaguzi kwao lina sababu moja zaidi ya kupelekwa mnadani na kuuzwa nje. New Zealand, ambayo kama Tanzania huendesha upande wa kushoto na hununua magari mengi yaliyotumika Japani, ililiona hilo mapema, na mwaka huohuo wa 2018 iliamuru vijazio vya aina ya hatari zaidi vibadilishwe kwa lazima na ikazuia magari yenye vijazio hivyo visivyorekebishwa yasiingizwe nchini. Australia nayo ilitoa amri ya lazima mwaka 2018, na serikali zake za majimbo zikaweza kulifutia usajili gari la mmiliki aliyepuuza. Kwa hiyo njia ya kufuata ipo na imekwisha kujaribiwa.

Baraza linaombwa, kwa kushirikiana na Shirika la Viwango Tanzania, lihakikishe kwamba namba ya chesisi ya kila gari lililotumika inalinganishwa na orodha za miito ya watengenezaji kabla gari halijasajiliwa. Kazi hiyo si ngumu, kwa kuwa watengenezaji wakubwa wa Japani wana mifumo ya intaneti inayopokea namba ya chesisi na kuonyesha kama kuna mwito unaolihusu gari. Afisa anayefanya kazi hiyo lazima ajue jambo moja la kiufundi: magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Marekani na Ulaya, bali yana msimbo mfupi wa modeli unaofuatwa na namba ya mfululizo, na kwa sababu hiyo anayeitafuta namba hiyo katika mfumo wa Marekani hapati jibu lolote na anaweza kudhani kimakosa kwamba gari halina tatizo. Kwa magari ambayo yamekwisha kusajiliwa, Mamlaka ya Mapato ina namba za chesisi katika kumbukumbu zake, na kuzichambua kungeonyesha ni magari mangapi yanahusika, takwimu ambayo serikali ingeihitaji mezani inapozungumza na watengenezaji kuhusu nani abebe gharama ya kubadilisha vijazio. Si haki gharama hiyo imwangukie mnunuzi ambaye hakupewa taarifa, na serikali ndiyo yenye sauti ya kuyasemea magari mengi kwa pamoja.

Gereji nazo zina nafasi yake katika jambo hili, na hapa lawama isiwekwe yote juu ya mafundi, kwani wengi hufanya kile mteja anachokiagiza. Gari lililowahi kugonga na mfuko wake kufumuka linahitaji mfuko mpya, vihisi vilivyokaguliwa, na mikanda mipya pia, kwa sababu mkanda wa magari mengi ya sasa una kikazio, yaani kifaa chenye baruti kidogo kinachouvuta nyuma mara tu mgongano unapotambuliwa, na kikazio kilichokwisha kulipuka hakifanyi kazi mara ya pili. Vifaa hivyo ni ghali. Matokeo yake baadhi ya magari hufunikwa dashibodi na usukani kwa mfuniko mtupu, na taa ya onyo ya eabegi, ile inayopaswa kuwaka mtu anapowasha swichi na kuzimika baada ya sekunde chache, huondolewa balbu au waya wake huunganishwa na taa nyingine ili zizimike pamoja. Mnunuzi wa gari hilo hudhani ana kinga ilhali hana. Kuna pia mifuko iliyotolewa katika magari yaliyokufa na kuuzwa kama vipuri, bila yeyote kujua umri wake wala kama inaangukia katika miito iliyotajwa hapo juu, na biashara hiyo inapaswa kupigwa marufuku bila kusitasita.

Fundi naye anahitaji kulindwa. Usukani wenye mfuko haufunguliwi kwa ajili ya kutengeneza honi kabla ya betri kuondolewa na dakika kadhaa kupita, kwa kuwa mfumo huhifadhi umeme kwa muda hata baada ya betri kuchomolewa, na mfuko unaotolewa huwekwa chini upande wake wa mbele ukitazama juu, usije ukalipuka na kurushwa hewani. Mkusanyaji wa vyuma chakavu anayekata gari kwa moto wa gesi bila kujua kwamba vijazio bado vimo ndani yumo katika hatari ileile. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ina vyuo mikoani na inaweza kutoa mafunzo mafupi kwa mafundi walioko kazini, wengi wao wakiwa wamejifunza kwa kuangalia wakubwa wao katika enzi ambayo magari hayakuwa na mifuko kabisa.

Wamiliki nao huharibu kinga yao kwa mapambo. Makava mazito ya ngozi yanayoshonwa mjini huziba mifuko ya ubavuni iliyomo ndani ya baadhi ya viti, na mazulia, manukato na simu vinavyobandikwa juu ya dashibodi mbele ya abiria hurushwa usoni mfuko unapofumuka. Mambo haya ni madogo na tangazo moja redioni linatosha kuyaeleza.

Kuhusu sheria, ile ya Usalama Barabarani inayotegemewa mpaka leo ni ya mwaka 1973, mwaka ambao gari la kwanza lenye mfuko wa hewa kuuzwa kwa wananchi, Oldsmobile Toronado, lilikuwa ndiyo kwanza limeingia katika soko la Marekani. Hata utekelezaji wa sharti la mkanda umezoeleka kuishia kwenye viti vya mbele, ambavyo askari anaweza kuviona kwa urahisi akiwa amesimama kando ya barabara, ilhali abiria wa nyuma asiyefunga mkanda hurushwa mbele kwa uzito unaoweza kumuua dereva aliyefunga wake. Jirani Kenya, kupitia kanuni za usafiri zilizosimamiwa na waziri John Michuki mwaka 2003 na 2004, ilidai mikanda katika kila kiti cha matatu, yaani daladala za huko, na ingawa msimamo huo ulilegea baadaye, miezi ile ya mwanzo ilionyesha kwamba abiria wa Afrika Mashariki hufunga mkanda pale wanapoona kwamba serikali imekusudia kweli. Marekebisho ya sheria ya Tanzania yanapaswa kuutaka mkanda kwa kila anayeketi katika gari lenye mikanda, kukitaka kiti maalumu kwa mtoto mdogo, na kulifanya kosa tendo la kuzima taa ya onyo au kuuza gari lenye mfuniko mtupu bila kumweleza mnunuzi.

Wakati marekebisho hayo yakisubiriwa, lipo jambo ambalo Baraza linaweza kulianza bila kusubiri Bunge. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani magari hukaguliwa na kubandikwa stika, na ukaguzi huo tayari unaangalia breki, taa na matairi. Askari wanaweza kuelekezwa kuongeza hatua tatu ambazo kwa pamoja hazizidi dakika tano: kuwasha swichi na kutazama kama taa ya eabegi inawaka na kuzimika yenyewe bila kufuatana na taa nyingine, kuuvuta kila mkanda kwa ghafla kuona kama unakamata, ukiwemo ule wa kiti cha nyuma ambao mara nyingi umezama chini ya makava, na kuandika namba ya chesisi kwenye fomu itakayopelekwa kulinganishwa na orodha za miito, ili mmiliki apewe jibu kwa ujumbe wa simu kabla stika ya mwaka huo haijaisha muda wake.